Kopo la Magadi la Bibi Asnath

Kitu cha kwanza Selina alichokiona kilikuwa weupe. Weupe mdogo tu, kwenye pembe za midomo ya babu yake, kama wa mtoto aliyebugia unga mkavu akasahau kujipangusa. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Mzee Alute alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, amenyoosha goti la kulia ili lipate jua, na Selina alikuwa anammiminia maji ya kunawa. Akadhani ni uji. Kisha akakumbuka kwamba uji ulikuwa bado uko jikoni, hata haujachemka.

Hakusema kitu. Selina hakuwa mtu wa kusema kitu. Pale Unyambwa watu walimjua kama yule mjukuu wa Mzee Alute asiye na sauti, ambaye ukimsalimia anakujibu huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Babu mwenyewe alipenda kumtania kwa hilo. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu mke wake mdogo akimuoa rasmi, wataishi kwa kuandikiana barua. Selina alicheka bila kufungua mdomo, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake weupe ulikuwepo tena, safari hii na kwenye kidole gumba. Na Alhamisi alfajiri, alipokuwa anafua kabla ya kwenda kazini, akageuza mfuko wa shati la babu na kukuta ungaunga umeganda kwenye mshono. Akaunusa. Haukuwa wa mahindi wala wa mtama. Ulinukia mnanaa kwa mbali, harufu aliyoijua vizuri kwa sababu alikuwa anaivuta puani kila siku kazini. Lakini chini ya ule mnanaa kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo na chumvi, na hiyo ndiyo iliyomfanya aketi chini kwenye majani na shati limelowa mapajani. Miaka minane ilikuwa imepita hajainusa.

Ilikuwa harufu ya bibi.

Bibi Asnath alikuwa na kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, rangi yake imebanduka siku nyingi, na lilikaa juu ya boriti ya jikoni mahali ambapo moshi uliligusa lakini moto haukulifikia. Ndani yake alitunza magadi. Wengine walinunua magadi yao sokoni, bibi alienda kuyakwangua mwenyewe. Kiangazi kikikolea, kwenye mwezi wa nane upepo wa Singida unapovuma mpaka mtu anatembea ameinama, alikuwa anamchukua Selina na kibuyu kilichopasuliwa nusu, wanashuka mpaka pembeni mwa ziwa. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha ukoko mweupe juu ya tope. Ukiukanyaga, unavunjika kama chapati iliyolala. Mbali kidogo ndege wale wekundu wenye miguu mirefu walisimama kwenye maji, na Selina alikuwa akiwahesabu mpaka bibi anamwambia awaache, hawajaomba kuhesabiwa.

Walikwangua juu juu, kwa mkono mwepesi, ili tope lisipande. Nyumbani bibi alichekecha, akaanika juu ya jiwe, akachekecha tena. Mlenda wake ulivutika vizuri kwa sababu ya hayo magadi, na kunde zake hazikumaliza kuni. Lakini Selina alikumbuka zaidi kilichofuata baada ya kula. Bibi alikuwa analishusha kopo, analowesha ncha ya kidole kwa ulimi, anachovya, analamba. Anatulia kidogo, anafumba macho. Kisha anacheua, cheuo moja refu la mtu aliyeshiba, na babu anasema, "Haya, chakula kimesamehewa." Kila siku maneno yale yale, na kila siku bibi alicheka kama ndiyo kwanza anayasikia. Kisha alikuwa anampa babu kidole chake cha magadi, na Selina naye, kidogo sana, kwenye ncha ya ulimi, si kwa ajili ya kiungulia maana mtoto hana kiungulia, bali ili asijione ameachwa.

Bibi alifariki Selina akiwa darasa la tano. Alianguka asubuhi moja akienda kuchota maji, na kabla ya jioni hakuwepo. Watu walisema ni presha. Baada ya matanga kuondolewa, baba mdogo Leonard alirudi Dodoma kwenye kazi yake, na pale nyumbani wakabaki wawili: mzee mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka kumi na miwili. Hakuna aliyekaa kikao na kuamua Selina aache shule. Jumatatu hakwenda kwa sababu kulikuwa na vyombo vya msiba vya kurudisha kwa majirani. Jumanne hakwenda kwa sababu mbuzi hawakuwa na mtu. Baadaye sababu hazikuhitajika tena.

Kopo likatoweka kwenye boriti. Selina alijua babu amelichukua chumbani kwake, na hakuuliza. Alidhani limekwisha, au limewekwa tu kama mtu anavyoweka kanga ya marehemu.

Sasa alikuwa na miaka ishirini, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akitembea kila asubuhi mpaka Mandewa kwenye duka la dawa la dada Agripina. Alianza kwa kufagia na kupangusa rafu. Hakuruhusiwa kumpa mtu dawa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya aliyesomea, na Agripina alikuwa amesomea na cheti chake kilining'inia ukutani. Lakini hakuna aliyeweza kumzuia Selina kusikia. Alikuwa nyuma ya rafu na kitambaa chake, kimya, na watu walimsahau. Akasikia kikohozi cha nani ni cha siku ngapi, na nani anaumwa mgongo, na nani anasingizia. Na kwa vile alijua kusoma, polepole, kwa kufuata kidole, alisoma yale makaratasi yanayokunjwa ndani ya maboksi wakati wa mchana duka linapokuwa tupu.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa Isaka, mkaanga chipsi wa pale kona. Isaka alikula chipsi zake mwenyewe zilizobaki, na pilipili nyingi juu yake, halafu akalala palepale kwenye benchi. Wiki ile ile ya ule weupe, aliingia akiwa ameshika kifua.

"Dada Agripina, nipe zile karanga zangu."

"Karanga nenda sokoni. Hapa pana dawa," Agripina alimjibu bila kuinua kichwa. "Zile za Jumatatu ziko wapi?"

"Zimekwisha."

"Paketi nzima kwa siku tatu? Isaka, una tumbo au una zizi la ng'ombe humo ndani?"

Isaka akacheka, lakini Agripina hakumpa. Alimkalisha kwenye kiti na kumweleza, na Selina nyuma ya rafu akaacha kupangusa ili kitambaa kisimpigie kelele. Agripina alisema tumbo lina tindikali yake, na tindikali hiyo si adui, ndiyo inayosaga chakula. Shida ni ikipanda juu kwenye koo, kwa sababu koo halina ngozi nene ya kuivumilia, ndiyo maana linaungua. Vidonge vile vya kiungulia kazi yake ni kukutana na ile tindikali na kuipoza, kama mtu anavyomwagia maji baridi kwenye uji wa moto. Vinafanya haraka, ndani ya dakika chache mtu anajisikia nafuu. Lakini havikai. Saa moja, mbili, vimekwisha kazi, na tumbo linatengeneza tindikali nyingine. Haviponyi chochote. Kama kuna kidonda ndani, kidonda kipo palepale, kimefunikwa tu.

Akamwambia namna ya kuvitumia: atafune mpaka vilainike kabisa, asivimeze vizima, kisha anywe maji. Atumie kama saa moja hivi baada ya kula, na anapokwenda kulala ikibidi. Asizidishe idadi iliyoandikwa, maana vipo vinavyofunga choo na vipo vinavyokilegeza, na ukivila kama karanga mwili wote unaumia, hasa figo. Kama kuna dawa nyingine anameza, za kuongeza damu, au za kuua vijidudu, aziachanishe kwa saa mbili au zaidi, la sivyo hizi zinazifunga zile na zinapita bure. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye presha, hao waulize kwanza.

"Na ikipita wiki mbili bado unavitafuta," Agripina alisema, "huo sio ugonjwa wa dukani. Huo ni wa hospitali."

Isaka akaahidi kuacha pilipili. Agripina akamwambia aanze na kuacha kulala ameshiba, pilipili tutazungumza baadaye.

Alipoondoka, Selina alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mara nyingi. Aliuliza. Aliuliza akiwa ameielekea rafu, kama anayeuliza maboksi: na magadi je?

Agripina alifikiri kidogo. Alisema wazee hawakuwa wajinga, magadi nayo yanapoza tindikali, ndiyo maana mtu akiyalamba anacheua na kupata nafuu. Lakini magadi hayana kipimo. Kidole cha leo si kidole cha kesho. Tena ni makali, yanaweza kuchubua koo, na yana chumvi ambayo mwenye presha hatakiwi kuigusa. Akamuuliza kwa nini anauliza. Selina akasema basi tu.

Jumapili alimkuta. Alirudi kanisani mapema, babu hakwenda kwa sababu ya goti, na kabla hajafika mlangoni akasikia kitu kinagonga jiwe, taratibu, ko, ko, ko. Nyuma ya nyumba babu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe dogo la kusagia. Vidonge vyeupe vilikuwa vimepangwa kama punje za mahindi, na alikuwa anavisaga kwa kitako cha kikombe cha bati. Pembeni yake palikuwa na kopo, limefunguliwa. Limejaa karibu mpaka mdomoni.

Selina akasema shikamoo, maana hata ukimkuta mtu mzima katika jambo la namna gani, salamu kwanza. Babu akaitikia marahaba. Hakujaribu kuficha. Alipangusa kidole gumba kwenye suruali na kumwambia aketi, kwa kuwa amekwisha kuona.

Akamsimulia. Magadi ya Asnath, alisema, yalidumu miaka yote hii kwa sababu yeye mwenyewe babu aliyala kwa huruma, kidole kimoja baada ya kula, na siku nyingine hata hicho akakiacha. Lakini mwaka huu tumbo limekuwa kali, likawa linamchoma chini ya kifua kila akiwa na njaa, na robo iliyobaki ikawa inashuka kwa haraka. Akaona litafika mahali liwe tupu. Ndipo Selina alipomletea vile vidonge.

Hapo Selina akainama. Ilikuwa kweli. Kwenye mwezi wa pili babu alilalamika kiungulia, na yeye akanunua kipande kimoja cha vidonge bila kumwambia Agripina ni cha nani, kwa sababu angeulizwa maswali. Akampa babu na kumwambia vinafanya kazi kama magadi. Alidhani amesema jambo la kumsaidia kuelewa.

"Nikavionja," babu alisema. "Nikaona kweli vinapoza kama yale yake. Nikasema, basi hawa ni ndugu. Nikavisaga nikachanganya. Yakipungua, naongeza. Yake yanapungua, mke wangu, lakini hayaishi. Kila nikilamba, yake yamo."

Vingine alikuwa ananunua kwa Scholastika, mwenye kibanda pale njia panda, ambaye anauza sabuni na viberiti na vidonge, na hana swali kwa mtu. Miezi mitano sasa. Mara ngapi kwa siku? Babu akatazama juu kama anayehesabu mawingu. Akasema kila likichoma.

Selina alikaa akiliangalia lile kopo. Alitamani kulichukua na kulificha, na alitamani pia kuchovya kidole. Alijua alichotakiwa kuuliza. Alikuwa amemsikia Agripina akiwauliza watu wazima maswali hayo, macho makavu, kama anayeuliza bei ya vitunguu. Lakini kumuuliza babu habari ya choo chake, mdomo ulikataa. Alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza akaishia kuuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Mwishowe aliingia ndani, akachana kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa, akarudi na kumpa pamoja na kalamu. Babu akavaa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Nilisema mimi," akacheka. "Barua zimeanza."

Akasoma kwa sauti. Je, umekonda? Je, unameza dawa za maumivu? Je, choo ni cheusi kama lami? Je, umetapika damu? Je, chakula kinakwama kooni? Alicheka mpaka alipofika la tatu. Hapo akasoma upya moyoni, midomo inacheza.

"Hili la tatu nani amekuambia?"

Selina akatikisa kichwa, hakuna aliyemwambia. Babu akachukua kalamu na kuweka alama, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. La kwanza, ndiyo, na hapo Selina akaona kwamba mkanda wake una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. La pili, ndiyo: diklofenaki za goti, anazinunua gulioni Mtinko kila anapopeleka kuku, anameza asubuhi na jioni, mwaka wa pili huu. La tatu, ndiyo, wiki mbili au zaidi, ila alidhani ni mlenda. La nne na la tano akachora mstari, hapana.

Jumatatu Selina alimpa Agripina kile kipande cha boksi asome, naye akafunga duka mapema na kufuatana naye mpaka Unyambwa. Alimwamkia mzee, akakubali uji, akauliza habari za alizeti shambani kwa muda wa kutosha. Kisha akasema bila kuzunguka. Choo cheusi namna ile, kwa mtu anayemeza diklofenaki mwaka mzima, ni damu mpaka daktari aseme vinginevyo. Pengine kuna kidonda tumboni kinachovuja, na ule unga umekuwa unakiziba mdomo kisilie, huku kinaendelea kuvuja. Mzee aache diklofenaki leo, aache kopo leo, na kesho asubuhi aende hospitali. Asingoje.

Babu alimsikiliza kwa adabu zote. Akamshukuru kwa kuja. Akasema atakwenda, alizeti zikishavunwa. Agripina akasema alizeti zina wiki tatu, na damu haijui kalenda ya alizeti. Babu akatabasamu.

"Mwanangu, marehemu mke wangu alilamba magadi miaka arobaini. Hakulazwa hospitali hata siku moja. Tumbo lake lilikuwa zima mpaka siku Mungu alipomuita, na alimuita kwa presha. Sasa mimi, kwa hizi wiki mbili, nikimbilie wapi?"

Baba mdogo Leonard alipigiwa simu, akasihi, akatishia kuja mwenyewe. Babu akamwambia aje basi, amsaidie kuvuna. Ndivyo alivyokuwa, ukimsukuma anakaa chini. Agripina aliondoka amekunja uso, na pale njiani alimwambia Selina kwamba mtu anayevuja hivyo anaweza kuonekana mzima leo, kesho akasimama tu na asifike mlangoni. Akamwambia, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Mimi maneno yangu yamekwisha.

Siku tatu Selina alijaribu kwa mikono, maana kwa mikono ndiko alikojua kuzungumza. Alificha diklofenaki. Alipika uji laini na kumpa kidogo kidogo mara nyingi. Kopo babu alilala nalo. Alhamisi asubuhi, akiwa anainuka kwenye kigoda, mzee aliyumba. Alishika ukuta wa jiko kwa viganja vyote viwili na kubaki hivyo, amefumba macho, jasho limemtoka kwenye paji la uso na upepo wa baridi unavuma. Viganja vyake kwa ndani vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekufa maji. Alipofumbua macho akasema ni njaa tu, kisha akamwomba amletee kopo.

Watu wa Unyambwa wanasimulia kwamba Mzee Alute aliokolewa na Agripina. Wengine wanasema ni Leonard na simu zake. Ni kweli kwamba siku ile ile, kabla ya saa nne, alikuwa hospitali mjini, na kwamba aliongezewa damu chupa tatu, na walipomuingiza ule mpira wenye kamera walikuta kidonda chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Alilala huko siku sita. Akarudi na vidonge vya aina nyingine, vinavyolifanya tumbo litengeneze tindikali kidogo ili kidonda kipate nafasi ya kufunga, na vingine vya kuua vijidudu walivyomkuta navyo tumboni, vya siku kumi na nne bila kuruka. Akaambiwa diklofenaki asiziguse tena, goti litafutiwe namna nyingine. Akaambiwa na vile vidonge vya kutafuna si sumu, siku moja moja kiungulia kikimshika anaweza kutafuna, kwa idadi na kwa muda, mbali na dawa zake nyingine, ila siku akijikuta anavihitaji kila siku arudi. Haya yote sasa anawaeleza wazee wenzake, na anayaeleza vizuri, ila anapenda kuongeza chumvi kwenye ule mpira na kuufanya uwe na urefu wa kamba ya ng'ombe.

Lakini hakuna anayejua kilichomfanya aondoke pale ukutani. Hata Leonard hajui. Wawili tu ndio walikuwepo.

Alipoomba kopo, Selina hakwenda kulichukua. Alimshika mkono, akamkalisha tena kwenye kigoda, naye akaketi chini mbele yake, kwenye vumbi, karibu kiasi kwamba magoti yao yaligusana. Babu akasubiri atazame chini kama kawaida yake. Selina hakutazama chini. Alimtazama usoni, na aliposikia sauti yake mwenyewe aliona kama ni ya mtu mwingine, mtu mzima.

"Babu, bibi hakufa kwa presha."

Mzee akainua uso.

"Nilimkuta nyuma ya zizi. Nilikuwa naenda shule, nikasahau daftari, nikarudi. Alikuwa anatapika. Kitu cheusi, babu, kama machicha ya kahawa, kingi. Alikuwa anakifukia kwa mguu. Aliponiona akanipangusa uso mimi, kama mimi ndiye niliyetapika."

"Lini?"

"Wiki mbili kabla. Na mara nyingine kabla ya hapo, jikoni, nilimsikia. Akasema nisikuambie. Akasema utauza mbuzi wote umpeleke hospitali, halafu mwaka ule mvua haikuwepo, tutakula nini. Akaniambia, wewe ni mtu wangu wa siri, huna mdomo, ndiyo maana nakupenda."

Upepo ulipeperusha majivu kutoka jikoni, yakapita kati yao. Mzee Alute alikuwa amefungua mdomo kidogo, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama vitu alivyopewa amshikie mtu. Akauliza, kwa sauti ndogo kuliko ya Selina, kama aliumwa sana.

"Alikuwa analamba magadi na kutulia," Selina akasema. "Ulikuwa unacheka. Alikuwa anapenda ukicheka." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini hakuyapangusa, aliogopa akiinua mkono tu, sauti itarudi ilikotoka. "Mimi nilijua, babu. Siku ya msiba watu wanasema presha, mimi nilikuwa nimekaa na akina mama nikajua. Nilijua anatapika damu, na nikanyamaza."